Ufa Uliokuwa Ukipungua

Ufa tuliugundua kwa sababu ya kuku. Kuku wetu mwekundu alipotea wiki tatu. Tukamtafuta, tukamsingizia kicheche, tukamsahau. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imepumzika kidogo, akatoka ardhini nyuma ya nyumba akiwa na vifaranga tisa. Sisemi alitoka kichakani. Alitoka ardhini, katikati ya shamba langu la tangawizi, kichwa kwanza, kisha mabawa, kisha vifaranga mmoja mmoja kama watu wanaotoka kanisani.

Tukaenda kuangalia. Ardhi ilikuwa imepasuka upana wa kiganja. Ufa ulianzia kwenye mparachichi, ukapita nyuma ya nyumba, ukashuka tena mpaka karibu na choo, umepinda kama upinde. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya upinde huo.

"Dada," akasema mdogo wangu anayenifuata, "nyumba yetu ipo kwenye kipande kinachoondoka."

"Kinaondoka kwenda wapi?"

"Bondeni."

"Nyumba hii imekaa hapa kabla hujazaliwa. Kama ingetaka kwenda bondeni ingeshakwenda."

Alikuwa kidato cha tatu. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo alikuwa amenipita darasa moja, na hakuniacha nisahau hata siku moja.

Niliacha shule mwaka ambao mama alimfuata baba. Tulibaki wanne, mimi mkubwa, na baada ya maziko ukoo ukakaa kikao. Mpango ulikuwa tayari: mmoja aende kwa shangazi kule Kileo, wawili waende Same mjini kwa baba mdogo, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki, na mimi nitafutiwe kazi ya ndani. Nikasimama, kitu ambacho msichana wa umri wangu hakufanya kwenye kikao, nikasema watoto hawagawanywi kama nyama ya sadaka. Nitawalea mwenyewe. Wazee wakaguna. Baba mdogo akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akaangalia paa letu lililokuwa likivuja, akasema, "Sawa. Mradi nyumba ya kaka yangu imesimama, watoto watakaa ndani yake. Siku ikianguka, nakuja kuwachukua."

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna ufa nyuma ya nyumba, mimi sikusikia habari za udongo. Nilisikia bodaboda ya baba mdogo ikipanda kutoka Same.

Mdogo wangu alimweleza mwalimu wake wa jiografia, na mwalimu akamfundisha kupima. Alichomeka vijiti viwili, kimoja upande wa juu wa ufa na kingine upande wa chini. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule aliweka rula kati yake na kuandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza namba zilipanda kila siku. Nilikuwa nikilifungua daftari lile akishaondoka, na kila nilipolifungua nilimwona baba mdogo akifunga mizigo ya wadogo zangu kwa mpira wa pikipiki.

Siku ya nane nikaenda kumkatia mbuzi majani, nikapita kwenye vijiti, nikakisogeza kile cha chini. Kidogo tu. Upana wa ukucha.

Kesho yake mdogo wangu akarudi ndani amekodoa macho. "Dada! Haujapanuka!"

"Si nilikwambia?"

Shida ya uongo ni kwamba hauna kipimo. Mlima nao haukusimama. Kila siku ulivuta kijiti kuelekea bondeni, na kila siku mimi nilikirudisha, na kwa kuwa sikuwa na rula nikawa nakirudisha zaidi ya ulivyovuta. Tulishindana hivyo, mimi na mlima, na aliyeandika matokeo ni mdogo wangu. Baada ya wiki mbili daftari lilionyesha kwamba ufa unapungua. Tena unapungua kwa kasi.

Lakini mimi nilijua ukweli, maana ng'ambo ya ufa niliona kwa macho yangu udongo wa chini umeshuka kimo cha ngazi moja, na kuku mwekundu sasa alihitaji kuruka ili atoke. Nikaona heri nitafute dawa ya kweli. Nikaenda kwa mzee wa ndiva.

Kwetu milimani ndiva ni bwawa la udongo. Maji ya kijito yanakusanyika humo usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa na kupelekwa kwenye mashamba kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Mzee wa ndiva ndiye anayepanga zamu, na mtu anayepanga zamu za maji anaheshimiwa kuliko diwani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, kwenye mwamba, ila shamba lake la migomba lilipakana na letu kwa upande wa chini. Nilimwamkia, nikampeleka nyuma ya nyumba yetu. Akaukagua ufa mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama daktari.

"Binti," akasema, "ndiva ikipasuka tunafanyaje?"

"Tunaziba, babu."

"Kwa nini?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Basi mbona unanisumbua na jibu unalo?"

Kesho kutwa baragumu likapigwa kuita watu kwenye msaragambo. Hiyo ndiyo kazi yetu ya pamoja. Likilia, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe, na asiyekuja atatajwa mpaka wajukuu zake watajwe. Walikuja wengi. Walileta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni kwa vikapu, wakaumwaga kwenye ufa, wakaukanyaga kwa miguu wakiimba, mstari mmoja mrefu wa watu waliopinda kama upinde nao, wakirukaruka juu ya kipande cha mlima kilichokuwa kimeshikiliwa na kitu nisichokijua. Nilipika makande sufuria mbili. Nilikuwa na furaha sana.

Mdogo wangu alirudi kutoka shuleni, akasimama na begi lake mgongoni, akaangalia wale watu.

"Dada, kama ufa unapungua wenyewe, kwa nini tunauziba?"

Lilikuwa swali zuri. Nikamwambia akavue sare asije akaichafua.

Kazi ilipokwisha, watu wakakusanya majembe. Mzee wa ndiva akawazuia. Ndiva, alisema, haisifiwi ikiwa kavu. Ukishaziba lazima ujaze maji uone kama inashika. Ndivyo alivyofanya baba yake na babu yake, na ndivyo tulivyofanya sote kila mwaka tangu tukiwa watoto. Hakuna hata mmoja aliyepinga, na mimi ndiye ningekuwa wa mwisho kupinga, kwa sababu aliyesimama mbele yangu alikuwa akinipa zamu ya ndiva nzima, siku mbili mfululizo, heshima ambayo hata baba hakuwahi kuipata. Tukachimba mfereji mdogo, tukageuza maji yote ya kijiji yakaingia kwenye ufa.

Yakaingia. Udongo ulizama kwa sauti ya ng'ombe anayekunywa.

"Inakunywa vizuri," mzee akasema.

Ilikunywa siku ya kwanza, ikanywa siku ya pili, na haikujaa. Siku ya tatu mzee wa ndiva akaja mbio kutoka kwenye migomba yake, suruali imelowa mpaka magotini, akapiga kelele tangu mbali.

"Chemchemi! Mmenizalia chemchemi!"

Katikati ya shamba lake maji yalikuwa yakibubujika, mekundu kama chai. Alitaka kuyajengea kisima. Alikuwa ameshachagua mahali pa kukaa jioni.

Hapo ndipo alipofika mtaalamu.

Hatukumwita sisi. Mwalimu wa jiografia aliliona daftari la mdogo wangu, na katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kusikia ufa wa mlima unaopungua. Akapiga simu ofisini Same, na Same nao wakampigia mtu anayejua miamba, naye akataka kuuona muujiza huo kwa macho yake. Alikuwa mwanamke kijana, amevaa buti za mvua, amebebwa na bodaboda mpaka pale barabara inapokatika, akamalizia kwa miguu. Akamwamkia mzee wa ndiva shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mtaalamu mwenyewe mdogo? Mlima huu ni mkubwa."

Mtaalamu alikuwa akiangalia mfereji. Akaufuata kwa macho kutoka ndiva mpaka kwenye ufa, akaufuata ufa mpaka kwenye choo, kisha akaangalia bondeni kwenye ile chemchemi. Uso wake ulibadilika.

"Nani ameweka maji hapa?"

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika, na kijiji kizima kikaona kitu cha kuangalia upande wa kilele cha Shengena.

"Nauliza, nani ameelekeza maji ndani ya ufa?"

"Kamati ya ndiva," akasema mzee wa ndiva.

Akatueleza taratibu, kwa Kiswahili ambacho hata wadogo zangu wawili wa mwisho walikielewa. Udongo wetu umekaa juu ya mwamba ulioinama, kama ugali juu ya sahani iliyoinama. Ukiwa mkavu unashika. Ukimimina mchuzi kati ya ugali na sahani, unaondoka mzima mzima. "Nanyi," akasema, "mmemimina mchuzi siku mbili."

Kisha akauliza miti iliyokuwa kwenye mteremko ule imekwenda wapi, maana visiki alivyoviona vilikuwa bado vinene.

Hapo nilijibu mwenyewe. Migrevilea ya baba niliikata nilipoacha shule, nikayang'oa na yale matete aliyoyapanda kwenye kingo za matuta yashike udongo, nikalima tangawizi. Kila mtu alikuwa akilima tangawizi, na tangawizi ndiyo iliyowavisha wadogo zangu sare. Ila huwezi kuivuna bila kuupindua udongo wote, na kila msimu niliupindua. Mtaalamu aliandika bila kunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Sasa tuuone huo ufa unaopungua," akasema. Mdogo wangu akampa daftari kwa mikono miwili, kama anatoa sadaka. Mtaalamu akafungua kurasa, akapima vijiti, akaangalia ardhi, akapima tena.

"Hapa kuna kitu cha ajabu," akasema. "Tangu wiki ya pili, kila siku unapungua, isipokuwa Jumatatu. Jumatatu zote unapanuka."

"Nimeliona hilo," mdogo wangu akasema kwa fahari. "Nina nadharia. Jumapili watu wengi wanapita njia ya juu kwenda kanisani, wanaukandamiza mlima."

Mtaalamu akanitazama mimi. Sijui alijuaje. Labda kwa sababu mimi peke yangu sikuwa nikiutazama ufa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nakisogeza kijiti."

"Kila siku?" mdogo wangu akauliza.

"Isipokuwa Jumapili."

Kwetu Jumapili hatufanyi kazi, na kusogeza kijiti niliona ni kazi. Mtaalamu alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akakumbuka amekaa juu ya nini, akaruka akasimama. Mdogo wangu hakucheka. Alifunga daftari lake polepole.

"Nimemwambia mwalimu mlima unarudi," akasema. "Nimesimama mbele ya darasa zima, dada. Nimechora grafu."

Kati ya yote niliyofanya mwaka ule, pamoja na kuunywesha mlima, hilo la grafu ndilo ninaloliona aibu mpaka leo.

"Mnalala wapi leo?" mtaalamu akaniuliza.

"Hapa."

"Hapana. Hapa hapalali mtu tena."

Nikamweleza. Nilimweleza kikao chote, maneno ya baba mdogo, Kileo na Same, na kwamba nikitoka kwenye nyumba hii sina tena watoto. Nilizungumza kwa ukali kwa sababu sikutaka kulia mbele ya kamati.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nakuelewa," akasema. "Lakini huu mlima hausubiri kikao cha ukoo. Nyumba ikianguka mkiwa ndani, huyo baba yako mdogo atakuja kuwachukua kweli, na hatahitaji kuwagawa."

Maneno magumu, na yalikuwa sahihi. Niliwaangalia wale wadogo wawili waliokuwa wakijaribu kumtoa kifaranga kwenye ufa kwa fimbo. Nikasema, "Basi wakati bado nina nyumba, nitaishusha mwenyewe. Sitauachia mlima uiangushe."

Mzee wa ndiva akavaa kofia yake. "Maji nilileta mimi," akasema. "Na watu nitaleta mimi."

Mtaalamu akatuchagulia mahali kabla hajaondoka: kwenye mgongo wa kilima, ng'ambo ya njia, kiunga cha kahawa cha baba, karibu na makaburi ya wazazi. Mwamba ulikuwa juujuu na miti ilikuwa bado imesimama, kwa sababu sikuwahi kupata nguvu ya kuikata. Usiku ule tulilala kwa majirani, na asubuhi baragumu likalia tena. Maji yakarudishwa ndivani, mfereji ukafukiwa. Kisha watu wachache wepesi wakapanda juu ya paa, wakiingia kwa zamu huku wengine wakilinda ufa kwa macho, na nyumba ya baba ikaanza kushuka kwa vipande: mabati, mbao, madirisha, fremu. Matofali ya udongo tuliyaacha.

Mdogo wangu alikuwa bado hasemi nami, ila alikuwa amempigia simu baba mdogo. Baba mdogo alifika saa nne, suti ya kijivu imejaa tope mpaka mabegani, kwa kuwa bodaboda ilimwangusha mara mbili. Alikuja na mifuko mitatu mitupu, mipya, ya kuwekea nguo za watoto. Niliiona kabla sijamwona yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

Kabla sijajibu, mtu mmoja kwenye mstari akamwona ni mwanaume mzima aliyesimama bure, akamtwika mabati manne kichwani. Kwenye msaragambo hakuna suti. Baba mdogo akajikuta anatembea, na mimi nikatembea nyuma yake na dirisha.

"Nyumba ya kaka yangu iko wapi?" akauliza kutoka chini ya mabati.

"Umeibeba, baba."

"Usinichezee!"

"Sikuchezei. Nyuma yako kuna madirisha, mbele yako kuna mbao, na kule mbele kabisa mtoto wa mwisho amebeba kufuli. Tukifika wote, itakuwa imefika."

Akayaweka sawa mabati kichwani, akaendelea kutembea mpaka tukavuka njia.

Mlima uliondoka saa nane mchana, tukiwa kwenye mgongo wa kilima tunakula. Nilidhani utanguruma. Ulitoa sauti ya gunia la mahindi linalomwagwa polepole, basi. Choo kilitangulia, likafuata jiko, kisha kuta nne zisizo na paa zikateremka zimesimama kwa heshima, zikainama, zikalala. Tangawizi yote ikaenda. Hakuna mtu aliyeguswa, na hakuna aliyetafuna mpaka vumbi na tope vilipotulia.

Migomba yangu mitano iliyokuwa kando ya nyumba haikuanguka. Ilisafiri ikiwa imesimama wima, ikajiegesha katikati ya shamba la mzee wa ndiva, juu ya chemchemi yake. Akashuka akaikagua, mikono nyuma.

"Hii sasa ni yangu," akasema. "Mgomba unafuata ardhi uliyosimamia."

"Ardhi uliyosimamia ni yangu, babu. Imekutembelea tu."

"Mgeni asipoondoka siku ya tatu ni mwenyeji."

Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Kesi ya migomba ile ilifika kwa mwenyekiti wa kijiji, na mpaka ninapoandika haijaamuliwa; tunakula ndizi zake kwa zamu.

Jioni ile, kabla jua halijazama, baba mdogo alikaa juu ya rundo la mabati na mifuko yake mitatu miguuni. Akaniita. Wadogo zangu wakaja nao, wakasimama nyuma yangu bila kuitwa.

"Ni kweli ulikuwa unasogeza kijiti?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Ili usiwachukue."

Mdogo wangu anayenifuata, ambaye hakuwa amenisemesha tangu jana yake, akasema, "Alikuwa anasogeza vibaya. Mtu mwenye akili angekisogeza hata Jumapili." Lakini alisema akiwa ameshika nguo yangu.

Baba mdogo aliangalia bondeni, pale ilipokuwa nyumba ya kaka yake. "Nilisema nyumba ikianguka," akasema. "Sikuiona ikianguka. Nimeiona ikibebwa, na shingo yangu ni shahidi." Akaichukua ile mifuko, akanipa. "Wekeni unga. Watoto watakaa na wewe. Mimi nitakaa wiki moja, nianze msingi."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi akavua koti, akakunja mikono ya shati, akachukua jembe. Mtaalamu alikuwa ametuwekea kamba kuonyesha msingi upite wapi. Baba mdogo amezoea boliti na mnyororo wa pikipiki. Alichimba kwa bidii sana, mgongo ameugeuzia kamba, huku akituelekeza kwamba mlimani lazima mtu awe na shabaha. Tulikaa wote wanne juu ya jiwe tukimwangalia akichimba nje ya kamba, na hakuna aliyemwambia mpaka makande yalipoiva.